Pembe Nane

Temuco, mwezi wa sita. Moshi wa kuni umelalia mapaa,
mvua haina haraka,
nami nafungua kibanda kabla kengele haijalia.
Miaka kumi na tisa nimesimama uani mwa shule hii.
Mtaa mzima wananiita Rosenda wa Peremende.

Sheria ilipotoka Santiago haikupiga hodi.
Ilikuja imechapwa kwenye bidhaa:
muhuri mweusi wa pembe nane, ndugu wa kile kibao cha njia panda
kinachomwambia dereva simama.
SUKARI NYINGI. CHUMVI NYINGI. KALORI NYINGI.
Pakiti moja ya biskuti ilibeba mihuri mitatu,
nikadhani ni nishani za vita.

Na yule bata wa rangi ya chungwa, mwenye kofia ya rubani,
aliyeruka miaka yote juu ya boksi la konifleksi,
siku moja hakuwepo.
Boksi likabaki kama ukuta wa nyumba iliyohamwa.
Watoto wakauliza: bata amekufa?
Nikawajibu: amestaafu.

Usiku nilijaribu kuubandua muhuri kwa ukucha.
Haubanduki.

Bwana Oyarzún wa ukaguzi akaja, faili kwapani.
"Ndani ya lango, chenye muhuri hakiuzwi."
Nikamwambia, bwana, mkono mtupu haulambwi.
Nikiondoa chokoleti niweke nini? Hewa?
Akasema: matunda.
Nilicheka hadi miwani ikaingia ukungu.
Yeye hakucheka. Alikuwa na kibanda kingine saa nne.

Nikaweka matufaha.
Jumatatu yakatoka mawili, Jumanne moja (la mwalimu),
Alhamisi nikaketi nikayala mwenyewe,
kamba ajikaangaye kwa mafuta yake,
ila safari hii hata mafuta hayakuwepo.

Sijasema habari za Aliwen.
Mjukuu wangu, miaka kumi, mtoto wa binti yangu
anayelinda mashine za mbao usiku na kulala mchana.
Nimemlea kwa nilichokuwa nacho,
na nilichokuwa nacho ni kibanda.
Akilia, karameli.
Akinyamaza, karameli ya kumshukuru.
Zahanati, nesi Ximena hakunisema.
Aligeuza tu uso wa mizani
nione mimi, asione yeye.
Namba ile siiandiki hapa. Si yake peke yake.

Jioni moja alisimama jikoni na chupa mkononi,
akiigusa mihuri kwa kidole kama ahesabuye magoli.
"Bibi, hii ina miwili. Miwili maana yake nini?"
Nikatafuta jibu kwenye droo ya vijiko.

Wanasema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma.
Huu umekata mbele: boksi, bata, mapato yangu.
Nyuma haujafika. Haujaigusa bei ya tufaha,
wala kufuli la uwanja wa mpira,
maana manispaa haina pesa ya mlinzi,
wala zamu ya usiku ya binti yangu.
Na hatua ishirini nje ya lango
Mzee Eleuterio anakaanga maandazi ya maboga;
hayana boksi, kwa hiyo hayana muhuri,
na foleni yake imepinda kona.
Nampungia mkono. Ananipungia mwiko.

Lakini nilichoka kula hasara yangu.
Jana tuliketi mezani, mimi na Aliwen,
kisu kimoja, ubao mmoja.
Yeye alikata, mimi nilikamua limau tufaha lisiingie weusi,
tukatia mdalasini, tukafunga vifuko vya peso mia tatu.
Alitaka kuchora bata juu yake.
Nikamwambia sheria inakataza.
"Hata bata wa tufaha?"
Kusema kweli, sikujua.
Akachora. Bawa moja refu kuliko jingine.

Leo mvua imenyesha tangu kengele ya kwanza.
Vimeuzwa vifuko kumi na kimoja.
Kumi na viwili, ukihesabu cha Aliwen,
ambaye hakulipa.